Sura ya Tano: Mmeelewa?

Mwalimu anamaliza kuandika ubaoni, anageuka, anakung'uta vumbi la chaki mikononi na kuuliza, "Mmeelewa?" Darasa zima linaitikia, "Ndiyooo, mwalimu!" Sauti zinapanda pamoja na kushuka pamoja, kama kwaya iliyofanya mazoezi mwaka mzima. Mwalimu anaridhika, anatoa zoezi, kengele inagongwa. Kila aliyepita shule ya msingi ya Serikali nchini Tanzania amewahi kuiimba kwaya hiyo. Wengi tuliiimba tukiwa hatujaelewa chochote.

Nilianza kazi mwaka 2002, na kwa miaka mingi niliiamini ile "ndiyo". Niliitumia hata kujaza andalio la somo. Mahali pa tathmini, ambapo mwalimu anatakiwa aeleze somo limekwendaje, niliandika yale yale: zaidi ya nusu ya wanafunzi wameelewa. Nusu hiyo sikuihesabu popote. Niliitoa kwenye kelele.

Kilichonifungua macho ni kipindi kimoja cha Hisabati, darasa la tano, muda mfupi kabla ya mapumziko. Siku ile waliokuwepo walikuwa 87. Mada ilikuwa kujumlisha sehemu zenye asili tofauti. Nilieleza namna ya kutafuta Kigawe Kidogo cha Shirika, nikafanya mifano mitatu ubaoni, nikauliza swali langu la kila siku, nikajibiwa kwa sauti iliyofika hadi ofisini kwa mwalimu mkuu. Kisha nikaandika zoezi. Swali la kwanza lilikuwa 1/2 + 1/3.

Nilianza kupita kati ya madawati nikisahihisha. Daftari la kwanza lina 2/5. La pili 2/5. La tatu 2/5. Nilipofika safu ya dirishani nilikuwa nimeyahesabu madaftari 31 yenye jibu hilo hilo. Walijumlisha vya juu kwa vya juu, vya chini kwa vya chini, kana kwamba mifano yangu mitatu sikuiandika. Fimbo ilikuwa mkononi. Nikasimama mbele ya msichana mmoja wa dawati la mwisho, mtoto ambaye tangu Januari sikuwa nimeisikia sauti yake nje ya kwaya. Mpaka leo siwezi kueleza kwa nini kwake sikuanza na fimbo. Nilimuuliza, "Umepataje?"

Akanyamaza. Wenzake wakaanza kunyoosha vidole na kupiga kelele, "Mimi, mwalimu! Mimi!" Nikawatuliza, nikasubiri. Hatimaye akasema, macho yakiwa kwenye daftari, "Mwalimu, dawati letu tunakaa wawili, leo nipo peke yangu. Dawati la mbele wanakaa watatu, leo amekuja mmoja. Tukijumlisha, tuliokuja ni wawili kati ya watano."

Niliyatazama yale madawati mawili. Alikuwa sahihi. Kama swali lingekuwa la mahudhurio, hesabu yake isingekuwa na kasoro. Alichokosa ni kitu ambacho mimi sikumpa: kwamba nusu na theluthi ninazozungumzia zimekatwa kwenye kitu kimoja. Nilikuwa nimemfundisha hatua za kufuata bila kumwonyesha zinatoka wapi, naye, kwa kuwa ana akili, akatafuta maana yake mwenyewe kwenye kitu kilicho mbele ya macho yake.

Nikamtuma mtoto mmoja kwa mama anayeuza vitafunwa nje ya uzio, akarudi na chapati. Nikaikata vipande sita vilivyolingana. Nikainua nusu. "Hivi ni vingapi?" Vitatu. "Theluthi ya chapati nzima ni vipande vingapi?" Hapo kwaya haikuimba. Nikaona midomo inacheza, vidole vinahesabu. Wachache wakasema viwili, wengine wakawafuata. "Nikikupa nusu, kisha nikakuongezea theluthi, utakuwa na zaidi ya nusu au pungufu?" Zaidi! "Basi tazameni jibu lenu. Chapati ikikatwa vipande vitano ukapewa viwili, umefika nusu?"

Yule msichana wa dawati la mwisho ndiye aliyetangulia. "Haijafika, mwalimu. Jibu ni vipande vitano. Kati ya sita."

Niliporudi ofisini sikufungua daftari la maandalio. Nilikuwa nikijiuliza, kwa miaka yote hiyo, ni fikra ngapi za watoto nilizozichapa fimbo kabla hazijatoka mdomoni.

Milango iliyofunguliwa

Mtu asije akanisoma vibaya akadhani nabeza yaliyofanyika. Nchi hii imepigania elimu ya watoto wa wanyonge kwa dhati, na mimi ni tunda la mapambano hayo.

Machi 1967, mwezi mmoja tu baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alitoa andiko la Elimu ya Kujitegemea. Alikuwa anaijua chaki. Alifundisha Tabora, kisha Pugu, mpaka mwaka 1955 alipoacha kazi ili ashughulikie siasa. Watu wengi wanaikumbuka Elimu ya Kujitegemea kwa jembe na shamba la shule. Wachache wanakumbuka kwamba ndani yake alitaka shule zijenge mambo matatu kwa kila mwananchi: akili ya kudadisi, uwezo wa kujifunza kwa wengine huku akichagua na kukataa kwa hoja, na kujiamini kama mtu huru aliye sawa na wenzake. Jembe tulilichukua. Udadisi tuliuacha kwenye karatasi.

Mwaka 1974 likaja Azimio la Musoma, lililotaka kila mtoto wa umri wa shule awe amepata nafasi ifikapo 1977. Walimu hawakutosha, ikabidi vijana waliomaliza darasa la saba wafunzwe kazini hapo hapo vijijini. Hao ndio tuliowaita walimu wa UPE, yaani elimu ya msingi kwa wote. Mwalimu wangu wa darasa la kwanza alikuwa mmoja wao, naye ndiye aliyenishika mkono nikaandika jina langu.

Ada zilizokuja kurudishwa zilifutwa tena mwaka 2001, na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ukaanza kutekelezwa 2002. Darasa langu la kwanza kabisa lilikuwa la watoto 134, wengine wa miaka 7, wengine wa miaka 11, wote darasa la kwanza. Nchi nzima, idadi ya wanafunzi wa shule za msingi ilitoka takribani milioni 4.4 mwaka 2000 ikafika milioni 7.5 mwaka 2005. Shule za sekondari za kata zikafuata. Januari 2016 ada na michango ya lazima ikaondolewa hadi kidato cha nne. Mwishoni mwa 2021 Serikali ikaruhusu wasichana waliokatisha masomo, wakiwemo waliopata ujauzito, warudi darasani.

Kila mlango ulipofunguliwa, mimi nilikuwa ndani nikiwapokea wanaoingia. Nimewaona watoto wenye furaha isiyosemeka kwa sababu tu wamepata sare. Kwa hiyo ninaposema kazi haijaisha, nasema nikiwa nimeshukuru kwanza.

Nisemacho ni hiki: tulihesabu wanaoingia, hatukusikiliza wanachosema wakiwa ndani. Utafiti wa Uwezo, ulioanza nchini mwaka 2010, uliwafuata watoto majumbani kwao na kuwapa hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili waisome. Wengi wa darasa la tatu hawakuweza. Miaka miwili na zaidi walikuwa wakiitikia "ndiyo". Kisha Februari 2013 yakatoka matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, na watahiniwa zaidi ya 240,000 wakapata sifuri. Matokeo yale yalifutwa na kupangwa upya, tume ikaundwa, taifa likalumbana. Mimi nilipoyasoma yalivyobandikwa, nilikuta majina ya watoto waliopita mikononi mwangu.

Mwaka 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulielekezwa kwenye Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, yaani KKK, na uamuzi ule ulikuwa wa busara. Sasa tuna Sera ya Elimu na Mafunzo toleo la 2023, yenye elimu ya lazima ya miaka kumi, na mtaala mpya ulioanza kuingia madarasani kwa awamu Januari 2024. Umahiri ndilo neno lililotawala. Lakini umahiri tulianza kufundishwa tangu mitaala ya mwaka 2005. Neno halikukosekana.

Kwaya inatoka wapi

Kwaya inazaliwa na hesabu. Kipindi ni dakika 40. Ukiwa na watoto 87 na ukaamua kumsikiliza kila mmoja, kila mtoto anapata chini ya nusu dakika, na hapo hujafundisha wala hujasahihisha. Mwongozo unasema mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Mwalimu mwenye mara mbili ya hao anauliza swali linaloweza kujibiwa na wote kwa pamoja, na swali la namna hiyo lina jibu moja tu.

Kwaya inazaliwa pia na haraka. Katika miaka ya 1970 mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alipima muda ambao walimu husubiri baada ya kuuliza swali. Kwa kawaida ulikuwa kama sekunde moja. Waliposubiri sekunde tatu, majibu yalirefuka, na watoto waliozoea kukaa kimya wakaanza kusema. Nilipoisoma habari hiyo nilijipima. Sekunde tatu mbele ya darasa lililonyamaza ni ndefu kuliko mtu anavyodhani. Mwalimu anaona kama somo limemponyoka, anaharakisha kujijibu mwenyewe.

Mzazi wa tatu wa kwaya ni woga. Kanuni za nchi zinasema kiboko kitolewe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyepewa idhini kwa maandishi, kwa kosa kubwa, visizidi vinne, na viandikwe kitabuni. Kosa la hesabu halimo. Lakini mimi nimewachapa watoto kwa kukosa hesabu, na ninaomba radhi hapa kwa maandishi kama nilivyowaomba wale niliowahi kukutana nao wakubwa. Mtoto aliyechapwa kwa kukosea hajifunzi kupata. Anajifunza kuitikia. Anafunika kombe mwanaharamu apite.

Halafu ipo adabu, na hapa panahitaji uangalifu, maana adabu ni mali yetu. Nyumbani mtoto anafundishwa asimkatize mkubwa, na anayeuliza sana huambiwa ana kidomodomo. Anakuja shuleni na malezi hayo, anakuta ukutani tumeandika kwa rangi ya bluu "Kuuliza si ujinga", kisha anaona anayeuliza anavyochekwa. Ataamini ukuta au macho yake? Wazazi wengine, nilipowaeleza kwenye kikao kwamba nawafundisha watoto kuuliza, waliguna. Mzee mmoja akaniuliza, "Mwalimu, sasa si watatupanda vichwani?" Nikamjibu, "Mzee wangu, mtoto akikuuliza mbegu hii inapandwa lini, amekukosea heshima?" Akatabasamu. Akasema huyo amemheshimu.

Kwaya ya watu wazima

Jambo lililonichukua muda mrefu zaidi kuliona ni kwamba hata sisi walimu tunaimba.

Niliwahi kuhudhuria semina ya mtaala. Tulikuwa wengi, tumejazana ukumbini, siku tatu. Mwezeshaji alikuwa mtu mwema na mwenye kujituma. Kila baada ya silaidi mbili aliuliza, "Tuko pamoja?" Nasi tukajibu, "Pamoja sana!" Alitufundisha kwa mihadhara kwamba mihadhara imepitwa na wakati. Alipofika kwenye kazi za vikundi, dada mmoja aliyekaa karibu nami, mwalimu wa miaka mingi, alininong'oneza, "Darasa langu lina watoto 120 na madawati 28. Vikundi nitavipanga wapi?" Nikamwambia aulize. Akatikisa kichwa. Mwezeshaji akauliza kama tuko pamoja, na yeye akaitikia kwa sauti kuliko wote.

Tulirudi shuleni tukaandika taarifa. Mwalimu mkuu akaipeleka kata, kata ikaipeleka halmashauri, halmashauri ikaipeleka mkoani: walimu wamepata mafunzo, mtaala unatekelezwa. Kila ngazi iliuliza "mmeelewa?" na kila ngazi ikajibiwa "ndiyo". Hakuna aliyedanganya kwa nia mbaya. Tulilelewa kwenye dawati lile lile.

Hapa ndipo lilipo fundo la sura hii. Waraka hata uandikwe kwa busara kiasi gani, ukipita mikononi mwa watu wanaoogopa kusema "bado", utafika darasani ukiwa karatasi tupu. Mwalimu asiyethubutu kumwambia mkubwa wake kwamba hajaelewa hawezi kumfundisha mtoto kuthubutu.

Yanayowezekana Jumatatu asubuhi

Nianze na yale ambayo mwalimu anaweza kuyafanya bila kusubiri bajeti, kwa kuwa nimeyafanya katika darasa lenye msongamano.

Nina kopo la maziwa lenye vijiti vya mianzi, kila kijiti kina jina la mwanafunzi. Nikiuliza swali nachomoa kijiti. Kabla ya kopo lile niliwasikia watoto kumi wale wale muhula mzima. Kijiti kinachomoka baada ya swali na baada ya ukimya, kamwe si kabla, ili kila mtoto afikirie kana kwamba jina litakalotoka ni lake. Kimoyomoyo nahesabu mpaka tano.

Nina vibao vidogo. Tulikata maboksi magumu, tukayapaka rangi nyeusi, kila watoto wawili kibao kimoja na kipande cha chaki. Wanajadiliana, wanaandika, nikisema "juu" wanainua. Kwa kutupa jicho mara moja naona wangapi wamepata, na muhimu zaidi, waliokosa wamekosa vipi. Makosa yakifanana, kosa hilo lina mantiki yake, na kazi yangu ni kuitafuta kabla ya kuifuta.

Nimebadili maswali. Mahali pa "mmeelewa?" nauliza "umepataje?", "nani kafika kwa njia nyingine?" na "wapi panakukwaza?" Mwanzoni swali hili la mwisho lilikutana na macho ya woga. Nikaanza kuwapigia makofi waliolijibu.

Kwa kusoma, wenzangu na mimi tuliamua kuwapanga watoto kwa kiwango chao, bila kujali darasa, kwa nusu saa kila asubuhi: wanaotambua herufi huku, wanaosoma maneno kule, wanaosoma aya pale chini ya mwembe. Wazo hili si letu. Shirika la Pratham la India limelifanyia kazi kwa miaka mingi. Sisi tulilipunguza likaenea kwenye uwanja wetu. Mvulana wa darasa la sita aliyekuwa mtoro sugu aliacha utoro alipokaa na wenzake wa kiwango chake, kwa kuwa kwa mara ya kwanza alisoma kitu akakimaliza.

Mengine yako juu ya uwezo wangu, nami nayasema kwa heshima na kwa uwazi. Mthibiti ubora akija shuleni, aanze na mtoto, azimio la kazi na andalio la somo vifuate. Ampe kitabu asome, amuulize amepataje jibu lake. Shule ikikutwa na tatizo na ikalisema yenyewe, isaidiwe kwanza, maana tukiwaadhibu wanaosema ukweli tutabaki na taarifa nzuri na watoto wasiojua. Mafunzo ya walimu yafanyike zaidi shuleni, ndani ya jumuiya za kujifunza zinazotakiwa na mpango wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, MEWAKA. Walimu watano wanaokaa kila wiki kuzungumzia somo moja lililowashinda watapata faida kubwa kuliko ukumbi wa watu 200.

Mitihani nayo itazamwe. Tangu mashine zianze kusahihisha mtihani wa darasa la saba mwaka 2012, nimewafundisha watoto kusiliba herufi vizuri kuliko nilivyowafundisha kueleza. Mashine inapunguza gharama na upendeleo, na hilo ni jema. Lakini mwanafunzi hufuata kinachopimwa, na mwalimu pia. Maswali ya kueleza yakiongezwa, tutafundisha kueleza.

Nalo suala la lugha tusilikimbie. Mtoto aliyeanza kufungua mdomo kwa Kiswahili anaingia kidato cha kwanza, anakuta masomo karibu yote kwa Kiingereza ambacho hajakimudu, na mdomo unafungwa tena. Anarudi kwenye kwaya, safari hii kwa maneno ya kigeni. Kiingereza kifundishwe kama somo, tena kwa nguvu na kwa walimu walioandaliwa. Fikra za Fizikia na Historia mtoto azijenge kwa lugha anayoweza kuulizia swali.

Na juu ya yote, walimu waongezwe. Kopo la vijiti ni msaada, haligeuki kuwa mwalimu wa pili.

Neno moja

Mwaka jana nilikuwa nafundisha desimali. Nilikuwa nimechoka. Nilikuwa mwalimu wa zamu, nimefika shuleni kabla ya saa kumi na mbili na nusu, na wenzangu wawili hawakuwepo, hivyo darasa la jirani nalo lilikuwa linanisubiri. Nilimaliza mfano, nikageuka, nikakung'uta chaki, na mazoea ya miaka ishirini yakanitoka mdomoni.

"Mmeelewa?"

Kwaya ilianza. "Ndi..." Kisha ikakatika, kwa sababu upande wa dirishani sauti moja ndogo ilikuwa imesema kitu kingine.

"Bado, mwalimu."

Alikuwa mvulana mfupi, mkono juu, kiwiko kimeegemezwa kwenye kiganja cha pili kama wafanyavyo wakichoka kunyoosha. Nikatazama kama kuna atakayemcheka. Hakuna aliyecheka. Mkono mwingine ukapanda nyuma yake, kisha wa tatu.

"Wapi panakukwaza?" nikamuuliza.

Akasimama, akaja mbele, akaweka kidole kwenye mstari wa pili, pale nilipoisogeza nukta bila kueleza kwa nini. Nikachukua kifutio. Zilikuwa zimebaki dakika nne kengele igongwe, na tulizitumia zote kwenye ule mstari wa pili.